Bodi ikisimama, usizime kwanza: kutafuta ubovu kwenye chipu za usalama

Simu za namna hii huongezeka mvua za Novemba zikianza. "Fundi, bodi imekufa. Taa nyekundu inawaka, mashine haigusi." Kama taa inawaka, bodi haijafa. Imekataa kazi, na ina sababu yake. Namwomba mpigaji asiizime mpaka nifike. Kimya kidogo, kisha jibu ninalolijua: "Nimeshaizima na kuiwasha mara nne, fundi."

Basi ushahidi umekwenda na maji.

Maelezo haya ni kwa mafundi wenzangu wa Mwanga, Gungu, Ujiji na kwingine Kigoma wanaoletewa bodi zenye maikrokontrola za usalama, yaani kompyuta za chipu moja zinazojikagua zenyewe: za breki za mabasi, za usukani wa umeme, za foklifti, za vichomeo vya boila. Nitaegemea familia ya Hercules ya Texas Instruments, yaani TMS570 na RM48, kwa sababu ndizo zilizopita mikononi mwangu zaidi. AURIX za Infineon na nyingine za NXP zina majina yao ya moduli, ila ukizoea tabia ya moja hutapotea kwenye nyingine.

Tabia yenyewe ni hii. Ndani ya chipu kuna viini viwili vya Cortex-R4F vinavyofanya kazi ile ile moja. Cha pili hakina shughuli yake binafsi. Kinarudia kila hatua ya cha kwanza, kikiwa nyuma kwa mapigo mawili ya saa ya chipu, na kwenye silikoni kimechorwa kwa kugeuzwa mwelekeo ili pigo moja la umeme lisivipotoshe vyote kwa namna moja. Pembeni yake kuna kilinganishi. Majibu yakitofautiana hata kwa biti moja, kilinganishi hakiamui nani mkweli, maana hakina njia ya kujua. Kinapiga kelele tu. Kelele inafika kwenye moduli ya kukusanya makosa iitwayo ESM, na ESM inashusha pini ya nERROR hadi sifuri. Ile taa nyekundu mara nyingi imefungwa hapo. Kumbukumbu za flashi na RAM nazo zina ulinzi wa ECC, yaani biti za ziada za kugundua na kusahihisha makosa: biti moja ikigeuka inasahihishwa kimyakimya, mbili zikigeuka chipu inajua imeharibikiwa na inasema.

Kwa hiyo chipu hizi zinatofautiana na zile tulizojifunzia. Chipu ya kawaida ikichanganyikiwa inaendelea kuchapa kazi ikiwa imechanganyikiwa. Hizi zinasimama.

Na zikisimama zinaacha maandishi. ESM ina makundi matatu ya makosa. La kwanza ni makosa ambayo mwandishi wa programu ndiye huamua yashughulikiwe vipi. La pili ni mazito, na kosa la kilinganishi cha viini limo humo. Hayazuiliki na lazima nERROR ishuke. La tatu ni yale ya kumaliza kabisa, kama ECC ya flashi isiyosahihishika. Alama za makosa haya hubaki kwenye rejista (visanduku vidogo vya kumbukumbu) za ESM hata chipu ikipata reseti ya kawaida. Kinachozifuta ni reseti ya kuwashwa umeme. Umeelewa sasa kwa nini nagombana na watu kwenye simu. Ukizima swichi na kuiwasha, umefuta barua kabla ya kuisoma.

Soma kwanza rejista ya SYSESR, iliyopo anwani 0xFFFFFFE4, inayosema reseti ya mwisho ilitoka wapi. Kisha ESM, inayoanzia 0xFFFFF500. Bodi nyingi nzuri hutoa namba hizi zenyewe kwenye siriali au CAN, laini ya waya mbili ambayo vifaa huzungumzia. Kama yako haitoi, chomeka dibaga (kifaa cha kuchungulia chipu kwa ndani) bila kuamuru reseti, soma, andika kwenye daftari. Ndipo uanze kufikiri.

"Taa inawaka papo hapo, kabla mashine haijafanya lolote"

Hii huwakuta zaidi wanaoandika programu yao au waliohamisha programu kutoka bodi moja kwenda nyingine. Sababu ya kwanza ninayoitafuta ni rejista za viini. Umeme ukiwaka, kila kiini huamka na takataka yake ndani ya rejista, na takataka za wawili hao hazifanani. Ukisukuma rejista moja tu kwenye staki (eneo la RAM la kuhifadhia kwa muda) kabla ya kuzipa zote thamani, kilinganishi kinaona tofauti na kundi la pili linawaka. Programu ya kuanzia inayotengenezwa na HALCoGen, zana ya Texas Instruments, hufanya kazi hiyo mwanzoni kabisa. Kijana wangu wa karakana aliwahi kuweka kitendo chake kidogo cha kuwasha taa ya kijani juu ya mstari huo, "ili nijue imeamka", na tukapoteza mchana mzima.

Ya pili ni RAM. Ikisomwa kabla ya kuandikwa, ECC yake haina maana yoyote na chipu huiona kuwa mbovu. Lazima iandaliwe yote kwanza, hata sehemu unayodhani hutaitumia.

Ya tatu ndiyo inayochosha. Programu imeingia vizuri, imehakikiwa, lakini ikifika karibu na mwisho wa msimbo inaanguka kwa kosa la flashi. Cortex-R4 huchota maagizo ya mbele kabla hayajahitajika, na ikichungulia eneo la flashi lililo tupu, lisilo na ECC sahihi, inapata kosa kwenye mahali ambapo programu yako haijakanyaga kamwe. Dawa yake ni kujaza eneo lote tupu pamoja na ECC yake wakati wa kuunganisha programu. Na kama umenakili flashi kwa kifaa kisichojua kuandika ECC, usitafute kingine. Andika upya kwa kifaa kinachojua.

"Nikichomeka dibaga ugonjwa unapona"

Haujapona. Dibaga ikishika viini, kilinganishi hulala, na wochidogi, saa ya ulinzi inayoireseti chipu programu ikikwama, husimama wakati umesimamisha programu. Umemwondoa mlinzi kisha unashangaa kwamba hakuna mwizi. Ubovu wa namna hii ni wa kutafuta bila dibaga: programu iandike namba za ESM kwenye siriali mara tu inapoamka, nawe ukae na chai usubiri.

"Inajireseti yenyewe"

Hapa SYSESR inamaliza nusu ya kazi. Ikisema PORST, umeme wako ulikatika au ulishuka, hata kama taa za ofisini hazikutetereka. Ruka hadi sehemu ya jenereta hapo chini. Ikisema OSCRST, ni saa ya chipu. Ikisema WDRST, ni wochidogi, ingawa dibaga nayo inaweza kuacha alama hiyo hiyo, kwa hiyo usiihukumu programu kabla ya kukumbuka ulichomeka nini.

Ikisema CPURST kila unapowasha, na mashine inaendelea vizuri baada ya hapo, usiguse kitu. Chipu hizi hujipima mantiki ya viini vyake zinapoamka, na kipimo kile kikiisha kinareseti kiini. Nimeletewa bodi nzima, imefungwa kwenye boksi la sabuni na kusafirishwa kutoka Kasulu, kwa kosa hilo lisilo kosa. Kipimo hicho kikianguka kweli, hasa kwenye baadhi ya asubuhi tu, tazama kwanza saa inayokiendesha. Kwenye TMS570 nyingi kina mwisho wa megahezi 90, na aliyeacha saa nzima iingie atapata majibu ya kubahatisha. Pia hunywa umeme mwingi kwa ghafla, na reguleta dhaifu hujulikana hapo.

Wochidogi ya Hercules ni ya dirisha. Wengi tumezoea ile ya kale ambayo ukiigusa mapema zaidi ndivyo unavyokuwa salama zaidi. Hii ukiigusa mapema ni kosa, ukichelewa ni kosa. Dirisha laweza kuwa asilimia 100 ya muda, au 50, au 25, kushuka hadi 3.125. Inaguswa kwa maneno mawili kwa mpangilio, 0xE51A kisha 0xA35C, na ukishaiwasha huwezi kuizima bila reseti. Programu iliyoongezwa kasi "ili iwe bora" ndiyo huanguka hapa: kitanzi kilichochukua milisekunde 10 sasa kinachukua 6, kinagusa wochidogi kabla dirisha halijafunguka, na mwenye bodi anaapa kwamba hajagusa kitu chochote cha usalama.

"Kila kitu kinawaka, ila relei hazivuti"

Hakuna taa nyekundu, siriali inasema yote salama, na kontakta imenyamaza. Kabla ya kung'oa relei, tafuta chipu ya umeme iliyo jirani. Hercules nyingi hulishwa na TPS65381, ambayo mbali na kugawa umeme ni msimamizi wa pili. Ina pini iitwayo ENDRV, na waya wa kuruhusu saketi zinazoendesha relei hupita hapo. Msimamizi huyu humuuliza maikrokontrola maswali kwa SPI, laini ya chipu kwa chipu, na kutarajia majibu sahihi kwa wakati wake. Ana hesabu ya makosa isiyoanzia sifuri. Huanzia 5, na kila jibu zuri linaishusha. Hadi ishuke, ENDRV haifunguki. Anamchukulia kila mtu kuwa mkosaji mpaka athibitishe, kama mama mwenye duka anayejua wateja wake.

Kwa hiyo pima ENDRV kwa mita. Ikiwa chini, relei hazina hatia. Angalia SPI baina ya chipu mbili hizo: waya uliolegea, lehemu baridi, au programu iliyosahau kumtoa msimamizi kwenye hali yake ya uchunguzi.

"Siriali inaandika takataka, na mashine imekuwa mvivu"

Huu ni ugonjwa wa ziwani, naupenda. Kristali ya nje, inayotoa mapigo ya saa ya chipu, ikisimama, Hercules haizimi. Inahamia kwenye saa yake ya ndani, takriban megahezi 10, na kuendelea kuchechemea ili programu ipate nafasi ya kufunga mashine kwa heshima. Lakini kasi zote zilizopangwa kwa kristali zimekwenda kombo: siriali haisomeki, CAN haielewani na wenzake. Programu isiyosoma alama ya saa itaendelea hivyo hivyo.

Sababu huku kwetu huwa si kristali. Ni fluksi, ile dawa ya kulehemia. Mtu amelehemu kwa fluksi ya bei nafuu, hakuisafisha, na unyevu wa ziwa ukaifanya kuwa njia nyembamba ya umeme katikati ya miguu ya kristali. Mchana jua likichoma inafanya kazi, alfajiri inakataa. Kwenye vyumba vya kukamulia mawese ongeza mvuke wa mafuta unaoshika vumbi juu ya yote. Osha kwa alkoholi ya aisopropili na brashi laini, kausha, kisha paka vanishi ya bodi. Nimebadilisha kristali nyingi ujanani ambazo hazikuwa na kosa. Nilichoponya nacho ni ile alkoholi niliyosafishia baada ya kulehemu.

"Inasimama jenereta ikishika, au pampu ikianza"

Hapa tukae kidogo.

Viini vya TMS570 vinataka volti 1.2, na nafasi ya kupotoka ni ndogo: kati ya 1.14 na 1.32. Pini za nje zinataka 3.3. Ukipima kwa mita utaona 1.20 safi kabisa na kumlaumu mwandishi wa programu. Mita inakupa wastani. Shimo la mikrosekunde kadhaa haitakuonyesha. Azima oskiloskopu, hata ile ndogo ya mkononi, uweke ncha kwenye kapasita iliyo jirani kabisa na chipu, uitegeshe ishike kila kinachoshuka chini ya 1.14, kisha uombe pampu iwashwe. Chipu ina kipima volti cha ndani, lakini ni cha juu juu, na mwongozo wa usalama wenyewe unataka msimamizi wa nje.

Shimo likionekana, kapasita za elektroliti ndizo za kwanza kushukiwa, hasa bodi ikiwa imefungwa ukutani karibu na boila. Joto huzikausha. Kwa nje zinapendeza, ndani zimebaki jina.

Shimo lisipoonekana, na bado inasimama, hamia kwenye koili. Kiwanda kimoja kidogo cha kukamua mawese kiliniita kwa sababu bodi ya kichomeo cha boila ilikuwa "inaruhusu moto halafu inaghairi". Nilipofika taa nyekundu ilikuwa imezimwa. Fundi aliyetangulia alikuwa amekata njia ya nERROR kwa kisu na kuifunga kwenye 3.3 kwa kipande cha waya. Kweli, mashine ilikuwa haisimami tena. Boila ile ilikuwa inapokea dizeli kwa amri ya chipu ambayo ingeweza kuchanganyikiwa bila mtu kujua, na chumba hicho wanaingia akina mama kuchota maji ya moto. Nilizima kichomeo kwa valvu ya mkono kabla hata sijafungua begi.

Nikarudisha ile njia, taa ikawaka baada ya dakika kumi hivi. Hatukuzima umeme, tukasoma: kundi la pili, kilinganishi cha viini. Ningekuwa na haraka ningeandika "chipu mbovu" na kuagiza nyingine Dar es Salaam, ije kwa treni zaidi ya kilomita 1,200. Lakini kosa lilikuwa linaangukia wakati ule ule kila mara, valvu ya mafuta inapofungwa. Chipu mbovu haichagui wakati. Koili ya volti 24 ya DC ikikatwa umeme hurudisha pigo la mamia ya volti kama haina diodi ya kulipokea, na pigo hilo lilikuwa linapita kwenye ethi iliyochangiwa na bodi. Koili tatu, hakuna hata moja yenye diodi. Kontakta za AC zinataka kizuizi cha rezista na kapasita badala ya diodi; usizichanganye.

Ethi yenyewe usiiamini kwa kuiona. Waya wa kijani unaoingia ardhini unaweza kuwa umefungwa kwenye nondo iliyooza.

"ECC imesahihisha biti moja"

Mara moja kwa muda mrefu, andika kwenye daftari, endelea na shughuli. Chembe za kutoka angani hugeuza biti kwenye RAM yoyote duniani, na ndiyo maana ECC ipo. Ila angalia anwani. Ikijirudia ile ile, sehemu hiyo ya kumbukumbu imechoka, na siku biti ya pili itakapoungana nayo hutasahihishiwa tena. Badilisha chipu wakati unachagua wewe, si wakati inachagua yenyewe.

"Nimebadilisha chipu, sasa namba zinasomeka kinyumenyume"

TMS570 na RM48 zinafanana kama ndugu, lakini TMS570 hupanga baiti kubwa mbele na RM48 hupanga ndogo mbele. Programu ya moja haikai kwenye nyingine, na hata ukiijenga upya, data za SPI na CAN zilizoandikwa kwa kudhania mpangilio zitageuka. 0x1234 inakuwa 0x3412, joto la nyuzi 90 linakuwa namba ya kuchekesha. Soma pia rejista ya utambulisho wa chipu kabla ya kulipa salio. Maandishi ya juu ya chipu yanaweza kukwanguliwa na kuchapwa upya, ya ndani ni magumu zaidi.

CAN yenyewe ina dawa fupi: zima umeme wote, pima kati ya waya mbili. Omu 60 ni sawa, 120 inamaanisha kizuizi cha mwisho mmoja hakipo, 40 kuna mtu ameongeza cha tatu. Kifaa kinachotoka kwenye laini na kutorudi kimevuka hesabu ya makosa 255. Mtafute anayekichafulia laini.

Mwenye kiwanda aliniuliza kama boila yake sasa "ina cheti", kwa kuwa amesikia chipu hii imethibitishwa hadi daraja la usalama la SIL 3 la kiwango cha IEC 61508, na wenzake wa magari hadi ASIL D ya ISO 26262. Cheti ni cha chipu, tena kwa masharti ya mwongozo wake wa usalama: vipimo gani vifanyike, mara ngapi, msimamizi gani wa nje awepo. Hakimwagiki kwenye mashine nzima kwa sababu chipu imo ndani. Alinitazama, akatazama boila, akaniuliza bei ya diodi.

Nilimfungia tatu kwenye valvu, na ya nne kwenye koili ya honi, ambayo haikuwa imeleta shida yoyote.